Chai ya Rangi

Afadhali jambo hili mlisikie kwangu kabla halijafika bombani: leo nimekunywa rangi. Ile ya kuchorea. Mbele ya ukumbi mzima, mbele ya bwana wa ustawi, nikiwa nimevaa gauni la Pasaka na kofia.

Kaeni basi. Mama Rael, sogea, bado kuna nafasi kwenye hiyo benchi. Rebeka, wewe pia kaa, lakini usinisaidie kusimulia. Umeshanisaidia vya kutosha leo.

Mnakijua kile chumba cha nyuma pale ukumbini, chenye dirisha linalotazama upande wa ziwa. Ndicho tunachotumia sisi akina mama wachache kila Jumatano alasiri, nguo zikiwa kwenye kamba na watoto wakiwa shuleni. Wengine wenu mnatuita "wale wa kuchafua karatasi." (Nimewasikia. Kuta za nyumba hizi za reli, landi hii yetu, ni nyembamba.) Tunalowesha karatasi, tunaweka rangi, tunatazama zinavyokutana. Ni hayo tu. Hakuna anayechora ng'ombe wala nyumba. Kwa muda huo mfupi hakuna anayetuuliza chumvi iko wapi, na nadhani hiyo ndiyo sababu wengine wanakuja, hata kama wanasema wanapenda zambarau.

Mimi kazi hii nilifundishwa na memsabu mmoja wa Kizungu, wa upande wa Njoro, nilipokuwa nikimfulia nguo kabla sijaolewa. Mpishi wake aliamini kwamba yule mama anajaribu brashi tu, na kwamba siku moja ataanza kuchora. Mimi nilikuwa napita na kapu la nguo, nasimama mlangoni natazama. Siku aliyonikuta hakunifukuza. Alichukua karatasi, akailowesha kwa sifongo, akaniambia niweke buluu huku na manjano kule, kisha niweke brashi chini nitulie. Nikatulia. Buluu ikaanza kutambaa taratibu, na manjano nayo ikaja upande wake. Zilipokutana hazikugombana. Katikati pakatokea kijani ambacho mimi sikukiweka, na memsabu hakukiweka, na ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu mwingine. Nilisahau nguo kwenye jua mpaka zikakauka kama mbao.

Alipokuwa akirudi kwao aliniachia sanduku lake la rangi. Vidonge vyake ni vidogo kama vipande vya sabuni, na mpaka leo sijavimaliza. Nimemwombea mwanamke yule Jumapili nyingi.

Sasa, Mama Damari. Nyinyi wote mnamjua mwenyekiti wetu, mnajua alivyo tangu mume wake afariki. Anaingia ukumbini, watu wanakaa wima. Yeye alitaka kile chumba kiwe cha cherehani. Na si kwa ubaya. Alinisimamisha siku moja nje ya kanisa akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mama Apiyo, gauni linavaliwa. Hiyo karatasi yako inavaliwa?"

Nikasema hapana.

"Inalika?"

Nikasema hapana. (Subirini. Mtalikumbuka jibu hilo.)

Basi jambo likapelekwa kwa Bwana Zakayo, bwana wa ustawi wa jamii hapa reli, yule Mtaita anayevaa tai hata siku za joto. Bwana Zakayo akasema yeye hawezi kuamua kitu asichokiona. Akatuombea ruhusa ya mkutano, siku ikawekwa, Jumamosi ya leo. Nisimame mbele ya akina mama niwaonyeshe tunachofanya mle ndani, kisha watu wanyooshe mikono. Mikono ikiwa yetu, tunabaki. Ikiwa ya cherehani, ninafunga sanduku langu.

Asubuhi leo hata uji niliumwaga. Baba Apiyo alikuwa anafunga viatu aende shedi ya injini.

"Utawachorea nini?" akaniuliza.

"Si kitu."

"Wachoree garimoshi. Garimoshi kila mtu analijua."

"Sichori kitu, Baba Apiyo. Nawaonyesha rangi zinavyokutana."

"Zinakutana wapi?"

"Kwenye karatasi."

Akafikiri, kamba ya kiatu mkononi. "Basi wachoree zikikutana stesheni," akasema, akaenda zake kazini.

Huo ndio msaada niliopata nyumbani.

Nilifika ukumbini mapema. Nikapanga meza mbele: karatasi, sifongo, brashi, sanduku la rangi, na kikombe cha maji ya kusafishia brashi. Kikombe nilikitoa kwenye kabati la ukumbi. Mnavijua vile vikombe vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu. Vyote vimefanana. Hilo nalisema sasa hivi ili msije mkasema mimi ni mjinga.

Watu wakaanza kuingia. Mama Damari akaketi mstari wa mbele katikati, amefunga kile kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, kimepigwa pasi mpaka kinang'aa. Bwana Zakayo kando yake. Mimi nikaanza kulainisha rangi kwa maji, na kwa vile vidole vilikuwa haviniheshimu, kidonge cha buluu kikaniponyoka, kikatumbukia ndani ya kikombe. Nikajaribu kukitoa kwa mpini wa brashi, kikavunjika. Nikakiacha. Nilikuwa nimeshaosha humo brashi ya nyekundu na ya kahawia. Maji yakawa meusi kabisa, kama chai ya turungi iliyochemshwa mara mbili.

Wakati huohuo, nyuma ya ukumbi, Rebeka alikuwa na matatizo yake. Maziwa ya chai yalikuwa yamekatika. Akaenda kumwambia Bwana Zakayo kwa adabu kwamba maziwa yameharibika, asubiri kidogo. Bwana Zakayo, na Kiswahili chake cha watu wa chini huko upande wa pwani, akamwambia:

"Usijisumbue, dada. Niletee chai ya rangi tu, yatosha."

Rebeka akaja mpaka kwangu mbio, akaninong'oneza, "Mama Apiyo, huyu bwana anataka chai ya rangi. Ni rangi gani nimwekee?"

Msicheke, mimi pia sikujua. Nikamwambia, "Labda ameona sanduku langu." Tukasimama pale wawili tunatazama vidonge vya rangi kama watu wanaochagua kitambaa dukani. Nashukuru Mungu Rebeka alirudi kumwuliza. Bwana Zakayo akacheka mpaka akashika tai, akamweleza kwamba kwao chai isiyo na maziwa ndiyo inaitwa hivyo. Turungi, basi. Hii hii yetu. Rebeka akawamiminia watu wote turungi, na kwa wema wake, maana yeye ni mtu mwema, akaniletea na mimi kikombe kimoja. Akakiweka mezani kwangu.

Kando ya kile kingine.

Mimi sikumwona. Nilikuwa nimeinama nalowesha karatasi.

Nikaanza. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa ndogo, mtu wa nyuma akasema, "Hatusikii." Nikaongeza. Nikaweka buluu juu kushoto. Nikaweka manjano kulia. Nikaweka brashi chini, nikakunja mikono, nikawaambia, "Sasa mimi sifanyi kitu. Tazameni."

Mstari wa mbele wakanyoosha shingo. Wa nyuma wakasimama. Buluu ikatambaa, manjano ikatambaa, na pale katikati kile kijani kikaanza, kwanza chembamba kama uzi, halafu kikapanuka.

"Nani ameweka kijani?" akauliza Bwana Zakayo.

"Hakuna, bwana. Zimekutana."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Nikaweka nyekundu chini. Nikainua karatasi upande mmoja kidogo, nyekundu ikateremka kuikuta buluu, wakati buluu bado mbichi. Ikatokea zambarau ya maua ya mijakaranda, ile inayolala barabarani asubuhi kabla watu hawajaikanyaga. Nikasikia mama mmoja akivuta pumzi. Nikawaeleza kwamba karatasi ikiwa kavu kila rangi inakaa kwake na mpaka wake; ikiwa imelowa, zinatembeleana. Nikawaeleza kwamba mbili zikikutana hupata mtoto mzuri, lakini ukiwa na haraka ukaziita zote kwa pamoja, unapata tope. Mama Damari akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali jambo bila kutaka.

Hapo ndipo nilipoharibika. Niliona kile kichwa kikitikisika, nikajiona mhubiri. Sauti ikapanda. Nikaanza kutembea huku na huku mbele ya meza. Nikasema maneno ambayo hata sijui niliyatoa wapi, mambo ya watu wa landi, Mluo na Mluhya na Mkisii, tulivyokutana Nakuru hapa kama rangi kwenye karatasi mbichi. (Nilifikia mpaka kuwataja Wahindi wa dukani.) Kila mara nilichovya brashi kikombeni na kuendelea kupaka. Bwana Zakayo akaniuliza, "Na hiyo ya kahawia, mama, inayozunguka pembeni?" Nikatazama, nikaona kweli kuna kahawia ambayo sikuikusudia. Nikamjibu bila haya, "Hiyo ni joto la nchi, bwana." Akaitika kwa heshima.

Ilikuwa chai. Nilikuwa nachovya brashi kwenye chai.

Koo likanikauka kwa maneno. Nikakumbuka nimeona Rebeka akipita na birika. Nikanyoosha mkono, nikachukua kikombe, nikanywa. Si kuonja. Nilikunywa kama mtu aliyetoka kulima.

Ladha ya kwanza ilikuwa chaki. Ya pili ilikuwa nywele za mbuzi. Halafu kipande kidogo, laini, kikanipita kwenye ulimi, nikajua ni kile kidonge changu cha buluu.

Sasa niambieni, mngefanya nini? Nyuma yangu ukuta. Mbele yangu tai ya Bwana Zakayo. Kutema sikuweza, labda nimtemee Mama Damari kwenye mapaja. Nikameza. Yote. Macho yakanitoka machozi, lakini nikasimama wima, nikajiambia kwamba hakuna aliyeona. Na kweli hakuna aliyeona. Wao waliona mwalimu amekunywa chai yake. Kama ningefunga mdomo na kuketi, ningekuwa nimeshinda, na leo jioni tungekuwa tunazungumza mambo ya mahindi.

Lakini nikakumbuka sijashukuru.

Mnanijua. Mimi siwezi kuondoka mahali bila kushukuru, nilivyolelewa ndivyo. Nikafungua mdomo, nikatabasamu kwa upana wangu wote, nikaanza. Nikamshukuru Bwana Zakayo kwa kutuombea ruhusa. Bwana Zakayo akatazama chini kwenye viatu vyake. Nikawashukuru akina mama kwa kuja na jua hili. Mstari wa pili wakafunika midomo kwa leso. Nikaona wameguswa. Nikazidi kutabasamu. Nikamgeukia Mama Damari.

"Na wewe mama yetu," nikamwambia, "najua hukuipenda kazi hii. Lakini umekuja, umekaa, umetazama. Asante."

Mama Damari alikuwa anatetemeka mabega. Amebana midomo, macho yamejaa maji. Nikajisemea, huyu mama analia, tangu mazishi ya mume wake hakuna aliyemwona akilia mbele za watu, na leo rangi zimemliza.

Nikazunguka meza, nikamwendea. Nikamwinamia, nikamkumbatia, kichwa chake nikakiegemeza kifuani na mdomo wangu juu ya kile kitambaa cheupe.

"Lia, mama," nikamwambia. "Hata mimi siku ya kwanza nilitaka kulia."

Hapo Mama Damari akapasuka. Si kilio. Kilikuwa kicheko ambacho sijawahi kusikia kwa mwanamke wa umri wake, kimetoka chini huko kama injini inayopanda mlima. Na nyuma yake ukumbi mzima. Mama mmoja akateleza kwenye benchi akakaa sakafuni. Mimi bado nimemshika Mama Damari, nawatazama, natabasamu, sielewi.

"Mama Apiyo," akasema Bwana Zakayo, na sauti yake ilikuwa inapigana na kitu, "tafadhali. Jitazame."

Hakukuwa na kioo. Rebeka akaninyanyulia birika, lile jipya linalong'aa. Nikajiona ubavuni mwake, uso umevutwa upana. Meno yote buluu. Ulimi mweusi. Midomo zambarau mpaka karibu na pua, na kutoka pembe ya mdomo mchirizi mmoja wa nyekundu ukishuka mpaka kidevuni, ukikutana na buluu njiani. Kofia ya Pasaka juu yake. Na nilipomwangalia Mama Damari, palepale juu ya kitambaa, katikati ya kichwa, palikuwa na mdomo wangu. Umechapwa wote, wa juu na wa chini.

Nilitaka sakafu ifunguke. Sakafu ya saruji, haikufunguka.

Aliyeacha kucheka wa kwanza alikuwa Bwana Zakayo. "Umemeza?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Uso wake ukabadilika. "Rangi nyingine zina sumu," akasema. Akachukua kifuniko cha sanduku langu akakisogeza karibu na macho, akasoma maandishi madogo, hakuona kinachosema zina wala hazina. Na mimi, niliyekuwa nikifa kwa aibu, nikaanza kufikiri kufa kwenyewe. Nilimwona akilini binti yangu Apiyo. Niliwaza nani atamsuka nywele.

"Maziwa," akasema Mama Damari. "Apewe maziwa, kisha apelekwe dispensari."

"Maziwa yamekatika," akasema Rebeka, naye karibu kulia.

Mama Damari akasimama, akakusanya sketi yake kwa mikono miwili, akatoka mbio. Jamani, ni nani hapa landi aliyewahi kumwona Mama Damari akikimbia? Hata siku treni ilipotaka kumwacha, alitembea, na treni ikamngoja. Leo amekimbia kutoka ukumbini mpaka nyumbani kwake na kurudi, na doa la mdomo wangu kichwani, watu wa barabarani wakimpisha. Alirudi na sufuria ya maziwa aliyoyaweka kwa ajili ya jioni yake. Akanishika kisogo, akaninywesha mwenyewe mpaka tone la mwisho.

Halafu dispensari. Mhudumu akanitazama ulimi, akanitazama macho, akamwuliza Bwana Zakayo ni rangi ya kitu gani. Bwana Zakayo akamweleza. Mhudumu akamwuliza, "Picha ya nini?" Bwana Zakayo akafikiri sana, akasema, "Si ya kitu." Mhudumu akaandika jambo, akaniambia kiasi hicho hakitaniua, ninywe maji mengi, na nisishtuke kesho nikienda chooni. (Hayo mengine mtayaacha kama yalivyo.)

Tuliporudi, Mama Damari hakuniacha niingie ndani vile. Alinipeleka bombani nyuma ya ukumbi, akachota chumvi kwenye kiganja, akanishika kidevu kama mtoto wa chekechea.

"Panua."

"Nimepanua."

"Panua kama ulivyopanua ukitushukuru."

Akanisugua meno kwa kidole chake mwenyewe, moja baada ya lingine. Hakuwa na haraka. Maji yalikuwa yanateremka kwenye saruji, buluu, kisha samawati, kisha maji tu. Katikati ya kusugua akasema, kama mtu anayezungumza na bomba:

"Nilidhani kile kicheko nilikizika na Baba Damari. Kweli kabisa. Watu walikuwa wakicheka mbele yangu, mimi najisikiliza ndani, hakuna kitu. Nikasema basi, kila kitu na wakati wake, kimekwisha." Akasuuza kidole. "Leo kimetoka bila kuniomba ruhusa. Mbele ya bwana wa ustawi."

Chumvi ilikuwa imenijaa mdomoni. Nilimshika mkono tu.

Nilipotema nikamwambia, "Mama, kitambaa. Nipe nikufulie. Mimi nilikuwa dobi, doa litatoka."

Akakivua, akakishika juu, akaangalia. Alikuwa ametoka jasho kwa zile mbio, kitambaa kimelowa, na ule mdomo ulikuwa umeanza kusafiri. Katikati zambarau, kisha pembeni buluu imejitenga na kutambaa kwenye nyuzi, laini kabisa, mpaka ikapotea kwenye weupe.

"Hizi pembeni zimekuwaje hivi?"

"Rangi ikikuta maji hutembea, mama."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Akakikung'uta, akakifunga tena kichwani. Nilimwambia doa sasa limekuja mbele. Akasema anajua.

Ndani tulikuta watu bado wanangoja, maana nani angekwenda nyumbani katikati ya mambo kama hayo. Bwana Zakayo alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma. Ile karatasi tuliyoiacha tulipokimbia ilikuwa imekauka. Hakuna aliyeigusa. Na nisiwafiche, sijawahi kufanya nzuri kama ile. Kijani kilikuwa kimefunguka kama jani, zambarau imetulia, na ile chai, chai ya Rebeka, imejikusanya pembeni ikafanya ukingo wa dhahabu iliyopauka, kama nyasi za Elmenteita wakati wa kiangazi.

"Nani ameimalizia?" akauliza Bwana Zakayo.

"Hakuna, bwana. Sisi tulikuwa dispensari."

Mama Damari akapita mbele, na ule mdomo wangu kwenye paji la uso wake, akageuka akawatazama watu. Wakakaa wima.

"Cherehani zitaingia," akasema. "Asubuhi. Alasiri ya Jumatano chumba ni cha rangi. Anayepinga anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Sijui kama ni kwa kukubali au ni kwa kutazama kile kitambaa.

"Na mimi nitakuja," akaongeza. "Kutazama tu. Lazima mtu mzima awepo aangalie nani anakunywa nini."

Sasa mnajua yote. Kesho mtasikia kwa watu kwamba nilizimia, kwamba nilitoa povu la kijani, kwamba Bwana Zakayo alinibeba. Hayo si kweli. Kweli ni kwamba leo nimeaibika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nimerudi nyumbani nikiwa na chumba, na maziwa ya Mama Damari tumboni, na meno yanayonuka chumvi, na sijui nimshukuru nani kwanza. Nimemshukuru Rebeka. Nimemwambia akija siku nyingine na chai aite jina langu kwa sauti, lakini nimemshukuru.

Baba Apiyo ameingia muda mfupi kabla yenu, masizi usoni mpaka masikioni. Nimemsimulia, maana afadhali asikie kwa mke wake. Hakucheka. Amesikiliza mpaka mwisho kwa uso wa mtu aliye kanisani. Ameniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema vizuri, pole, akachukua ndoo akaenda nyuma ya nyumba kuoga.

Nyamazeni kidogo. Mnasikia? Hiyo si sauti ya maji.

Basi jamani, nawaomba kitu kimoja. Nyinyi chekeni hapahapa mbele yangu. Nyuma ya nyumba pameshajaa.